Meli Kubwa Kati ya Milima: Fiodi ni Nini, na Siku ya Melini Huendaje

Jumapili moja ya mwezi Juni, tukiwa Lwang'ni, hapa Kisumu ukingoni mwa ziwa, tunasubiri samaki watoke jikoni, dada yangu alinisukumia simu yake mezani. "Kaka, wewe ndiye mwalimu wa Jiografia. Hebu nionyeshe mtoto wangu yuko wapi."

Picha ilikuwa imetumwa alfajiri. Maji ya kijani, yametulia tuli. Ukuta wa mwamba umepanda hadi ukatoka nje ya picha, na juu yake michirizi myeupe ya maji inashuka sambamba. Pembeni kabisa palionekana ukingo wa roshani, na kitambaa cha buluu kimeanikwa juu yake.

"Yuko baharini," nikamwambia.

"Bahari gani hii isiyo na wimbi hata moja? Na ng'ambo naiona! Hili ni ziwa, tena jembamba kuliko pale Mbita."

Kwa macho, hakukosea. Binti yake, mpwa wangu, ni mhudumu wa vyumba katika meli ya kitalii inayozunguka pwani ya magharibi ya Norwei, na huu ni mkataba wake wa pili. Hapa mtaani habari zake husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema anatembea dunia bure huku akilipwa. Wapo wanaosema amejipeleka utumwani. Nimechoka kuyasikia yote mawili, kwa sababu kazi yake haieleweki mpaka uyaelewe maji anayopita juu yake, meli inayombeba na sheria inayomlinda, na mambo hayo matatu yamefungamana. Nitajaribu kuyafungua moja baada ya jingine.

Maji kwanza. Fiodi ni bonde lililochongwa na barafu, kisha bahari ikaingia ndani yake. Tusiichanganye na Bonde la Ufa. Ukisimama juu ya Menengai ukalitazama Ziwa Nakuru, unaangalia ardhi iliyopasuka na kudidimia: nguvu ilitoka ndani ya dunia. Kwa fiodi, nguvu ilitoka juu. Katika enzi za barafu, theluji ilirundikana milimani mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka, ikajishindilia mpaka ikawa mito ya barafu yenye unene wa mamia ya mita, na mito hiyo ikatambaa polepole kuelekea baharini huku ikiburuta mawe yaliyoganda tumboni mwake. Mto wa maji huchimba bonde lenye umbo la herufi V. Mto wa barafu husugua pande zote kwa pamoja, chini na ubavuni, ukaacha umbo la U: sakafu pana na kuta zilizosimama wima. Kazi kama hiyo imefanyika hata kwetu. Mabonde ya juu ya Mlima Kenya yana umbo hilo la U, na Mlima Elgon nao uliwahi kubeba barafu. Tofauti ni kwamba mabonde yetu yako juu mno, bahari haiwezi kuyafikia. Ya Norwei yalichimbwa hadi chini kabisa ya usawa wa bahari, na barafu ilipoyeyuka, chumvi ikaingia.

Hapa pana jambo ambalo hata wanafunzi wangu wa kidato cha nne huona gumu kulikubali. Tumezoea kwamba maji ni mafupi karibu na nchi kavu na marefu ukielekea katikati. Fiodi huenda kinyume. Barafu ilikuwa nene na nzito zaidi ndani, kati ya milima, kwa hiyo huko ndiko ilikochimba sana. Ilipokaribia bahari iliyo wazi ilitawanyika, ikapungua nguvu, ikaacha mwamba bila kuumaliza na kumwaga mchanga na mawe iliyoyabeba. Mlangoni pakabaki kizingiti, kama kizingiti cha mlango wa nyumba. Chukua Sognefjord, fiodi ndefu kuliko zote za Norwei, inayoingia nchi kavu zaidi ya kilomita 200. Mlangoni kina chake hakifiki mita 200. Ndani kinazidi mita 1,300.

Nilimpa dada kipimo cha kwetu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Chukua mwinuko wote huo, kutoka maji ya Mombasa hadi maji yaliyokuwa mbele yetu pale Lwang'ni, ugeuze uelekee chini: bado hujagusa sakafu ya Sognefjord. Ziwa letu lenyewe, pamoja na upana wake wote wa karibu kilomita za mraba 69,000, halizidi mita 80 hivi mahali penye kina kirefu kabisa, na Ghuba ya Winam, hapa Kisumu, ina kina kifupi zaidi ya hapo.

Utulivu aliouona kwenye picha una maelezo yake pia. Wimbi hukuzwa na upepo unaosafiri mbali juu ya maji yaliyo wazi, na ndani ya fiodi upepo haupati uwanja wa kukimbilia. Rangi ile ya kijani hutokana na unga laini wa mawe uliosagwa na barafu iliyobaki juu milimani. Unga huo huletwa na vijito, ukaning'inia majini na kuugeuza mwanga. Na michirizi ile sambamba ndiyo maporomoko yanayoitwa Dada Saba, katika fiodi ya Geiranger. Jina hilo lilimfurahisha sana mama wa mabinti wanne.

Sasa meli. Watu husikia kwamba meli fulani ni ya tani laki mbili na nusu wakajiuliza chuma kizito kiasi hicho kinaingiaje kwenye mfereji wa milimani. Tani hizo si uzito. Ni kipimo cha ujazo wa ndani ya meli, nafasi iliyofungwa na kuta zake, na jina limebaki tu kutoka enzi za kuhesabu mizigo. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, ina tani za ujazo 248,663 na urefu wa karibu mita 365, lakini sehemu yake inayozama majini ni mita 9 na kitu. Meli za kitalii zinazofanya safari za Norwei nyingi ni ndogo kuliko hiyo, na nazo huzama mita 8 hivi. Kwa hiyo ghorofa kumi na tano unazoziona juu zimekaa kwenye kisahani kipana. Meli haipinduki kwa sababu uzito mwingi umewekwa chini: injini, matangi ya mafuta, matangi ya maji. Ghorofa za juu hujengwa kwa mabati membamba, na nyingine kwa alumini.

Weka pamoja mita 8 za meli na mita mia kadhaa za maji, utaona kwamba ndani ya fiodi kina si tatizo. Ukuta wa mwamba hushuka majini wima vilevile ulivyopanda, kiasi kwamba meli inaweza kupita karibu nao bila kugusa chochote. Meli hiyohiyo isingeweza kufika Kisumu hata kama pangekuwa na njia kutoka baharini. Ingekwama kwenye tope la ghuba kabla hatujaiona.

Kinachobana fiodini ni upana. Nærøyfjord, tawi la Sognefjord lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005 pamoja na Geiranger, ina mahali ambapo upana ni mita 250 tu. Meli ya mita 300 haiwezi kugeuka hapo. Meli kubwa nyingi huelekea Flåm, kwenye tawi la jirani liitwalo Aurlandsfjord, ambako abiria hupanda reli fupi ya kilomita 20 inayokwea kutoka usawa wa bahari hadi mita 866. Sisi tunaojua namna reli yetu inavyoshuka kutoka nyanda za juu za Mau hadi ukingo wa ziwa, ilikofika mwaka 1901, tunaweza kukisia ukali wa mwinuko huo.

Na meli hugeukaje pale panapotosha kugeuka? Meli nyingi za kitalii za kisasa hazina usukani wa bapa nyuma kama mashua. Chini ya tezi, yaani nyuma ya meli, huning'inia mitambo ya umeme yenye rafadha, mapanga ya kusukuma maji, na kila mmoja unaweza kuzungushwa upande wowote. Kwenye omo, yaani mbele, kuna rafadha nyingine ndogo zilizopachikwa ndani ya mashimo ya ubavuni, zinazosukuma maji kushoto au kulia. Nahodha akizitumia kwa pamoja, meli huzunguka papo hapo ilipo, kama mtu anayegeuka amesimama. Kando ya nahodha husimama rubani. Siku hizi tukisikia rubani tunawaza ndege, ila neno hilo lilikuwa la baharini kabla halijapaa: mtu wa pale pale, anayeijua miamba na mikondo ya maji ya kwao, anayepanda melini kuiongoza ndani. Huko Norwei kazi hiyo ipo hadi leo. Boti ndogo hulikaribia jitu lile likiwa linatembea, mlango hufunguliwa ubavuni, na rubani hupanda kwa ngazi ya kamba.

Siku ya Geiranger huanza mapema. Kutoka bahari iliyo wazi hadi kijiji cha Geiranger ni safari ya saa kadhaa kupitia fiodi moja baada ya nyingine, na kipande cha mwisho, fiodi ya Geiranger yenyewe, ni kilomita 15. Abiria hutoka kwenye sitaha za juu wamejifunga mablanketi, kwani hata Juni asubuhi ya huko huwa na baridi. Kwa saa nzima, mpwa wangu anasema, watu elfu tatu hunong'ona. Juu ya miamba, kwenye vijukwaa vya nyasi visivyofikika, kuna nyumba za mbao za wakulima waliohama zamani. Wenyeji husimulia kwamba katika shamba mojawapo, ngazi iliondolewa kila mtoza kodi alipoonekana anakuja.

Saa hiyo hiyo yeye yuko kazini. Hapo ndipo picha ile ilipopigwa: alikuwa anafuta chumvi iliyokauka kwenye kioo cha roshani ya chumba cha abiria. Usiku walikuwa wamepita bahari ya wazi, upepo ukarusha maji mpaka ghorofa ya nane, na asubuhi kila kioo kilikuwa na utando mweupe. Abiria amelipia kuona milima, na chumvi ile humzuia. Alifuta kwa maji baridi ya ndoo, akakausha kwa kitambaa, na kioo kilipong'aa maporomoko yakatokea upande wa pili. Akaanika kitambaa kwenye ukingo, akapiga picha moja, akaenda chumba kinachofuata. Wahudumu wa daraja lake hupewa vyumba kumi na tano, pengine ishirini, na kila kimoja huingiwa asubuhi na tena jioni.

Chumba chake mwenyewe kiko chini, karibu na mstari wa maji, hakina dirisha, na analala na mwenzake mmoja. Kupitia katikati ya sehemu hiyo ya wafanyakazi kuna ujia mrefu unaokwenda kutoka omo hadi tezi, ambako mikokoteni ya nguo, matoroli ya vyakula na watu wa mataifa hamsini hupishana mchana na usiku. Abiria hawauoni. Yeye anauita barabara ya Kondele, kama mtaa wetu wa Kisumu wenye pilikapilika.

Kuhusu kushuka nchi kavu, dada aliniuliza: "Ameenda huko mara sita, mbona hana picha kijijini?" Kijiji chenyewe kina wakazi wasiozidi mia tatu. Meli ikifunga kwenye gati linaloelea, au ikishusha abiria kwa mashua, kijiji hujaa mara kumi na zaidi. Lakini meli haiwezi kuachwa tupu. Kila ikiwa bandarini, lazima idadi maalumu ya wafanyakazi wabaki ndani, wale wenye majukumu wakati wa moto au wa kuhama meli, na wao hupangwa kwa zamu. Zaidi ya hayo, abiria wakishuka ndipo vyumba husafishwa vizuri. Mara sita alizofika Geiranger, ameshuka mara moja. Alitembea dakika arobaini, akanunua soksi za sufu, akanywa maji ya kijito kwa kiganja, akarudi kuvaa sare.

Usalama unahitaji neno zaidi, hasa kwetu sisi watu wa ziwa hili tunaoikumbuka MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia. Mpwa wangu si mhudumu wa vyumba tu. Kengele ikilia, milio saba mifupi na mmoja mrefu, huacha ndoo na kwenda kusimama kwenye ngazi aliyopangiwa, akiwaelekeza abiria kwenye vituo vyao na kukagua namna walivyovaa jaketi okozi. Abiria nao hufanya mazoezi hayo siku ya kupanda. Sheria ya kimataifa inadai yafanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, na ilikazwa hivyo baada ya Costa Concordia kugonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, ambapo watu 32 walikufa. Wengi waliokuwa wamepanda siku hiyo walikuwa hawajafanya mazoezi yoyote. Ukimwona mhudumu wa meli anatabasamu na kukunja taulo, jua pia kwamba amefundishwa kuzima moto na kujiokoa majini.

Nimefika kwenye jambo lililonishughulisha kuliko yote, nalo ni saa.

Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa kwa jua. Jua likichomoza tunaanza: saa moja, saa mbili. Likizama tunaanza tena. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mchana na usiku hugawana saa kumi na mbili kwa kumi na mbili mwaka mzima, na hesabu yetu hailegei. Ichukue hesabu hiyo uipeleke Geiranger mwezi Juni. Kwa saa za huko, jua huzama baada ya saa tano usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na hata katikati giza haliingii kamili, hubaki wekundu hafifu upande wa kaskazini. Wakati huohuo milima hulificha jua mapema, kwa hiyo unaweza kukaa kivulini mchana huku kilele kilicho juu yako kikiwaka mwanga hadi usiku. Mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, nimeambiwa nianze zamu saa moja. Nikauliza, ya asubuhi au ya jioni? Nje zote zinafanana." Kumbuka chumba chake hakina dirisha. Anapoamka hajui kama ni usiku. Akipanda juu, mwanga humwambia ni mchana, na saa ya ukutani humwambia ni saa nne usiku.

Mwenzake wa chumbani ni binti wa Mombasa, Mwislamu, na kwake jambo hilo lina uzito zaidi, kwani sala hufuata jua. Magharibi hufika wakati mwili umeshachoka kabisa, na isha na alfajiri hukaribiana mno. Wanazuoni wametoa miongozo kadhaa kwa watu wa kaskazini, wapo wanaofuata ratiba ya mji wa karibu ambako usiku hutofautika, na wapo wanaofuata ya Makka. Binti huyo alimpigia simu mwalimu wake wa madrasa, wakaelewana. Nilipenda kwamba swali hilo lilisafiri kutoka chini ya maji ya Norwei hadi Mombasa na kurudi na jibu kabla zamu haijaanza.

Saa zinanipeleka kwenye sheria, kwa sababu kinachomlinda mtu asifanye kazi mpaka aanguke ni hesabu ya saa. Upo mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, uliotungwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, na Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unasema baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na angalau saa 77 katika siku saba. Muda huo wa siku unaweza kugawanywa mara mbili, sharti kipande kimoja kiwe saa 6 mfululizo. Fanya hesabu na utaona kwamba mtu anaweza kihalali kufanya kazi saa nyingi sana, siku zote saba, kwa miezi. Mikataba ya wahudumu mara nyingi ni miezi sita hadi tisa bila siku nzima ya mapumziko. Huo ndio ukweli ambao wanaosema "anatembea dunia" hawaujui. Upande wa pili, chakula, malazi na matibabu akiwa kazini si juu yake, nauli ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha hailipi yeye, na saa zake za mapumziko huandikwa na anatakiwa apewe nakala. Mtumwa hana nakala.

Sheria gani hasa, ya nchi ipi? Mwenye meli anaweza kuwa Mmarekani au Mwitaliano, nahodha Mnorwei, na meli ikasajiliwa Bahamas, Malta, Panama au Bermuda. Bendera iliyo tezini ndiyo inayotaja nchi ambayo sheria zake zinatawala ndani. Lakini meli ikiingia bandari ya nchi iliyoridhia mkataba, wakaguzi wa nchi hiyo wana haki ya kupanda, kuangalia daftari za mapumziko na hata kuizuia meli isiondoke. Norwei imeuridhia. Kwa hiyo mpwa wangu akiwa Geiranger anaishi chini ya sheria zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na ni heri ajue ipi ya kuishika.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kabla ya mkataba wake wa kwanza tulipoteza pesa. Ajenti mmoja hapa mjini alimtoza dada yangu fedha za "kushikiwa nafasi", kisha za "kufungua faili", kisha za viza. Tuliuza ng'ombe. Nafasi haikuwepo. Baadaye ndipo niliposoma mkataba ule mwenyewe na kukuta kwamba baharia hatakiwi kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Anachoweza kujilipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Mzazi yeyote wa Kisumu, Kakamega au Busia anayeombwa zaidi ya hapo, asitoe hata shilingi kabla ya kuuliza KMA, mamlaka inayosimamia mambo ya baharini nchini, yenye makao makuu Mombasa, kama ajenti huyo ana leseni. Mafunzo ya msingi ya usalama, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na wajibu wa mtu melini, ni ya lazima na yana gharama yake. Hayo hulipwa chuoni na mtu hupewa cheti. Hayapitii mfukoni mwa mtu anayekutana nawe hotelini.

Lipo pia suala la moshi, ambalo huenda likabadilisha ni meli zipi zitakazomfikisha binti yetu huko miaka ijayo. Fiodi ni kama jiko lisilo na dirisha. Siku isiyo na upepo, hewa baridi hukaa chini kati ya kuta na kufunikwa na hewa yenye joto, na moshi wa meli mbili tatu hubaki ukining'inia juu ya kijiji. Mwaka 2018 bunge la Norwei liliazimia kwamba meli za kitalii na feri katika fiodi za Urithi wa Dunia zisitoe hewa chafu, ifikapo mwaka 2026. Utekelezaji ukagawanywa: meli zilizo chini ya tani za ujazo 10,000 zinabanwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026, na zile kubwa zimepewa hadi 2032. Maji machafu, hata yale ya kuogea na kufulia, yamepigwa marufuku kumwagwa humo, kwa hiyo meli huyahifadhi kwenye matangi hadi itoke. Ndiyo sababu, siku za fiodi, dobi la melini hupunguza kazi na taulo hubadilishwa kwa hesabu. Mhudumu huijua sheria ya mazingira kupitia taulo.

Dada aliuliza kama milima ile haiwezi kuwaangukia. Swali la mtu wa magharibi ya Kenya, ambako kila msimu wa mvua kubwa tunasikia ardhi imeshuka mahali. Inaweza. Mwaka 1934, katika Tafjord iliyo jirani, mwamba uliporomoka majini, wimbi likapanda na kuua watu 40. Siku hizi kuna mlima uitwao Åkerneset, karibu na njia ya kuingia Geiranger, wenye ufa unaopanuka, na vipimo vimepandikizwa juu yake vinavyofuatilia mwendo wake usiku na mchana ili watu waonywe mapema. Sikumficha hilo. Alinyamaza kidogo, samaki wakaletwa, akaanza kuwachambua miiba kwa vidole kama anavyofanya tangu utotoni.

"Na atarudi lini?" akauliza.

Msimu wa fiodi huanza karibu na Mei na kupungua Septemba, na baada ya hapo meli nyingi huhamia maji ya joto, Mediterania au Karibiani. Mkataba wake unaisha katika wiki ya mwisho ya Septemba, kabla meli haijavuka Atlantiki. Tarehe 23 ya mwezi huo hivi, jua huwa juu ya ikweta, na mchana wa Geiranger na mchana wa Kisumu hukaribia kulingana, saa kumi na mbili kila mahali. Nilimwambia dada ampigie siku hiyo, saa moja ya jioni kwa saa za kwetu. Huko itakuwa saa kumi na mbili, jua linaelekea kushuka. Akisema "jioni njema, mwanangu", kwa mara ya kwanza tangu Mei itakuwa jioni kote kuwili.